Vespa: Skuta Iliyobuniwa na Mhandisi wa Ndege

Katika lugha ya Kiitalia, neno vespa maana yake ni nyigu. Jina hilo lilipewa skuta iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946 katika mji wa Pontedera, nchini Italia, kwa sababu ya mvumo wa injini yake na umbo lake lenye kiuno chembamba na sehemu ya nyuma iliyo pana. Wengi huidhania kuwa chombo kilichochongwa ili kivutie macho tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba umbo hilo lilitokana na haja, na kwamba takriban kila sehemu yake ni jibu la swali la kihandisi.

Kiwanda kilichopoteza kazi yake

Kampuni ya Piaggio iliasisiwa na Rinaldo Piaggio karibu na Genoa mwaka 1884. Ilianza kwa kutengeneza vifaa vya ndani vya meli, ikaendelea na mabehewa ya reli, na hatimaye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kiwanda cha Pontedera kilitengeneza ndege za kivita, na kwa sababu hiyo kilishambuliwa kwa mabomu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Italia iliyoshindwa haikuwa tena na haja ya ndege hizo. Barabara zilikuwa zimeharibika, petroli ilikuwa adimu, na raia wa kawaida hakuwa na uwezo wa kununua motokaa.

Enrico Piaggio, mwana wa mwasisi, aliamua kutengeneza chombo cha usafiri cha bei nafuu. Mfano wa kwanza haukumridhisha. Ndipo alipomkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye helikopta yake ilikaa hewani kwa dakika 8 na sekunde 45 mwezi Oktoba 1930, ikaweka rekodi ya dunia. D'Ascanio hakuwa fundi wa pikipiki, wala hakuzipenda. Aliziona kuwa hazistareheshi, zinachafua nguo, na gurudumu lake ni taabu kulitoa tairi linapotoboka.

Maswali na majibu

Je, nguo zitakingwaje na mafuta ya mnyororo? D'Ascanio aliuondoa mnyororo wenyewe: aliiweka injini kando ya gurudumu la nyuma, ikaliendesha kwa gia moja kwa moja. Kwa kuwa injini ilifunikwa, feni iliwekwa ili kuipoza.

Je, gurudumu litatolewaje kwa urahisi? Alilishikiza la mbele kwa mkono mmoja wa upande, kama gurudumu la kutulia la ndege.

Je, uzito utapunguzwaje? Badala ya fremu ya mabomba, alitumia bati la chuma lililokandamizwa likawa bodi inayobeba mzigo wote, kama ilivyo katika ndege. Nafasi ikapatikana mbele ya kiti, hata mwenye gauni au kanzu akaweza kuketi bila taabu.

Injini ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 98, na nguvu za farasi 3.2 katika mizunguko 4,500 kwa dakika. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 60 kwa saa. Ilikuwa injini ya mipigo miwili, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa huwaka kila mzunguko mmoja. Mwanafunzi akigawa 4,500 kwa 60 atapata miwako 75 kwa sekunde. Injini ya mipigo minne ingewasha nusu ya hiyo tu. Aidha, injini hiyo haina vali: pistoni yenyewe hufunika na kufunua matundu ya silinda. Vipuri huwa vichache, na bei hupungua.

Hata hivyo, kila jibu lina gharama yake. Mafuta ya kulainisha huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo, hivyo moshi huwa mwingi, na sehemu ya petroli hutoka bila kuungua. Injini iliyo upande mmoja huharibu ulinganifu wa uzito. Gurudumu dogo nalo huzama katika shimo ambalo gurudumu kubwa lingelivuka.

Kutoka nyigu hadi bajaji

Ombi la hataza liliwasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Kufikia mwaka 1956, Vespa milioni moja zilikuwa zimetengenezwa. Mwaka 1948 Piaggio ilitoa ndugu yake wa magurudumu matatu, Ape, yaani nyuki. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilipewa leseni ya kutengeneza vyombo vya Piaggio. Leseni ilikwisha mwaka 1971, lakini ujuzi ulibaki India, ukaendelezwa. Abiria apandaye bajaji Dar es Salaam au Mombasa amepanda chombo chenye asili hiyo.

Mabomu yaliweza kubomoa kuta za Pontedera, lakini hayakuweza kufuta elimu ya wahandisi wake. Mwalimu wa fizikia na awapeleke wanafunzi kwenye kituo cha bajaji, wakiulizie kila kifaa: kimewekwa hapa ili kutatua tatizo gani, na kwa gharama gani?