Togwa Isibaki Kwenye Machicha (Sehemu ya Pili)

Katika vilabu vya Mbozi, Momba na pembezoni mwa Tunduma, mkoani Songwe, chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, hakimalizwi kwa mkupuo mmoja. Ulezi uliokwisha kuchacha huwekwa chunguni ukiwa mzito, humiminiwa maji ya moto, kisha wanywaji hufyonza kwa mirija. Kinywaji kikishuka, maji mengine ya moto huongezwa, na mzunguko huo huendelea hadi ladha iishe. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia, ulezi hunyweka hivyo hivyo. Nchini Uganda nako Wateso huketi kuzunguka chungu kimoja cha ajono na mirija yao mirefu, huku maji ya moto yakiongezwa kila mara.

Wanywaji hao wanafahamu jambo ambalo wapikaji wengi wa nyumbani hulisahau: nafaka haiachii utamu wake wote kwa maji ya kwanza.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna ya kuotesha, kukausha na kuparaza kimea. Leo zinafuata hatua mbili zinazoamua pombe itakuwa nyingi au kidogo, safi au yenye ukakasi. Ya kwanza ni kuchanganya kimea na maji ya moto ili wanga ugeuke sukari. Ya pili ni kusuuza machicha, yaani kuyapitishia maji mengine ya moto ili utamu uliobaki utoke.

Hasara ya kutosuuza inapimika. Kila kilo ya kimea hushikilia karibu lita moja ya maji baada ya kuchujwa. Anayetumia kilo 5 za kimea na lita 15 za maji atapata kama lita 10 za togwa, yaani maji matamu ya kimea, na lita 5 zitabaki ndani ya machicha. Hizo si maji matupu. Ni togwa yenye utamu uleule wa ile iliyotoka. Theluthi nzima ya kazi yake huishia kwa nguruwe.

Kabla ya kusuuza, lazima sukari yenyewe iwepo. Kazi ya kuitengeneza hufanywa na vimeng'enya vinavyozaliwa nafaka inapoota. Viwili ndivyo vikubwa. Kimoja hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 60 na 65, na kikifika 70 hufa haraka. Cha pili hustahimili hadi nyuzi 75 hivi. Vitabu vingi vya upishi wa bia nyumbani vimeandikwa Uingereza na Marekani kwa ajili ya shayiri, ambayo wanga wake hulainika katika joto hilohilo la vimeng'enya. Ndiyo maana vitabu hivyo humwambia msomaji achanganye kimea na maji, ashikilie nyuzi 65 kwa saa moja, basi.

Ulezi, mtama na mahindi havikubali njia hiyo ya mkato. Wanga wake mara nyingi haufunguki mpaka joto likaribie nyuzi 70 au lizidi, na wakati huo kimeng'enya cha kwanza kimekwisha kufa. Viwanda hutatua tatizo hili kwa kununua vimeng'enya. Nigeria ilipopiga marufuku uagizaji wa shayiri mwaka 1988, viwanda vyake vya bia viligeukia mtama na mahindi kwa msaada huo.

Jikoni, ufumbuzi ni wa zamani zaidi, na kila nyumba inayotengeneza togwa inaujua. Uji wa mahindi hupikwa kwanza hadi uive, huachwa upoe, ndipo unga wa kimea cha ulezi hutiwa. Baada ya muda uji ule mzito huwa mwepesi na mtamu. Wanga umefunguliwa kwa moto mkali, na kimea kimekuja baadaye kikiwa hai. Ulezi unafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa kimea chake kina nguvu kubwa ya vimeng'enya kuliko cha nafaka nyingi za nchi za joto.

Kwa pombe ya kimea kitupu, kanuni hiyo hutumika kwa kugawa mchanganyiko. Changanya kilo 5 za kimea na lita 15 za maji yenye joto kiasi ili mchanganyiko ukae kwenye nyuzi 50 hivi. Acha utulie nusu saa. Maji yatakayojitenga juu ndiyo yamebeba vimeng'enya. Teka lita 6 taratibu na uziweke pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko. Kizito kilichobaki kipike hadi kiwe uji ulioiva, ukikoroga kisiungue. Uji ukipoa hadi karibu nyuzi 80, rudisha yale maji ya juu. Joto litashuka na kutua karibu na 65. Funika kwa mablanketi kwa saa moja hadi moja na nusu.

Joto la maji ndilo linalowaangusha wengi, na hapa Songwe ina hesabu yake. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Maji ya baridi nayo huwa karibu nyuzi 20. Ukichanganya nusu kwa nusu, unapata nyuzi 57, ambazo zikikutana na kimea na ndoo baridi hushuka hadi 50 na ushee, yaani joto la hatua ya kwanza. Dar es Salaam, ambako maji huchemka kwenye 100 na ya bombani yana joto la 28 hivi, kipimo hicho kingetoa nyuzi 64. Maelekezo ya mtu wa pwani hayafai kunakiliwa Tunduma bila kipimajoto.

Kujua kama wanga umekwisha, hakuna haja ya kubahatisha. Weka tone la togwa kwenye sahani nyeupe, ongeza tone la iodini ya duka la dawa. Rangi ikigeuka bluu iliyokoza, wanga bado upo; subiri tena. Ikibaki ya kahawia, endelea. Tone hilo limwagwe, lisirudishwe chunguni.

Sasa uchujaji. Shayiri ina maganda yanayojipanga chini na kuwa chujio. Punje za ulezi ni ndogo na hazina maganda ya namna hiyo, hivyo huganda kama udongo wa mfinyanzi. Dawa yake iko jirani: pumba za mpunga, na Kamsamba wilayani Momba hulima mpunga kwa wingi. Zioshe vizuri, changanya konzi kadhaa na uji, kisha mimina kwenye ndoo yenye matundu chini iliyowekwa ndani ya ndoo nyingine. Togwa ya kwanza hutoka na vumbi. Irudishe juu polepole hadi itiririke ikiwa safi. Usikamue wala kukandamiza, kwa sababu chujio litaziba.

Maji ya kusuuzia yawe na nyuzi 75 hadi 77. Kwa Tunduma, vipimo vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha baridi hutoa 76. Gawa lita 10 mara mbili. Mimina lita 5 juu ya sahani ili zisichimbe shimo, acha dakika kumi, chuja, kisha rudia. Maji yakizidi nyuzi 78 huanza kung'oa tanini, ambazo ulezi mwekundu unazo nyingi, na pombe hubaki na ukakasi kinywani.

Acha kusuuza haidromita, kifaa cha kupima uzito wa togwa inayotoka, ikisoma 1.010. Asiyekuwa nayo aonje: utamu ukiisha na ukakasi ukaanza, afunge kazi hata kama ndoo haijajaa.

Mwenye fedha kidogo anunue kipimajoto kabla ya sufuria kubwa. Sehemu ya tatu itahusu kuchemsha togwa, kuipoza na kuitia chachu.