Kemikali za kuchelewesha majani kuzeeka: Maganzo wachekeche kwanza

WAFANYABIASHARA wa Maganzo wanajua kuchekecha. Mji huo mdogo wa wilaya ya Kishapu, kwenye barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, umekua kutokana na almasi ya Mwadui iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Hapo jiwe likishang'aa kwenye chekeche hupelekwa kupimwa kwanza, ndipo bei itajwe. Utaratibu huo huo unawafaa wenye maduka ya pembejeo na wawekezaji wadogo wanaofikiria kuweka fedha katika busta na dawa zinazosemekana kuzuia majani ya miche kuzeeka wakati wa ukame.

Soko la bidhaa hiyo linaeleweka. Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na mara nyingi mvua hukatika Januari au Februari. Wakati huo mkulima wa pamba, mahindi au mtama amekwisha kumaliza fedha zake kwenye mbegu, kulima na palizi. Akiona majani ya chini yamegeuka njano, yuko tayari kununua chochote, hata kwa mkopo. Dawa isipofanya kazi, anayeumia si mkulima peke yake, kwani deni hubaki kwenye daftari la mwenye duka.

Kwa nini jani huzeeka

Mche unaokosa maji hufanya kama mfanyabiashara anayefunga matawi yasiyolipa ili kuokoa duka kuu. Huvunja umbijani, yaani rangi ya kijani ya jani, katika majani ya zamani, na kuhamishia naitrojeni kwenye majani machanga na mbegu. Gesi ya ethilini huharakisha kazi hiyo, na homoni ziitwazo sitokinini huichelewesha.

Ya kwanza kati ya sitokinini, kinetini, ilipatikana mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1957 Amos Richmond na Anton Lang walionyesha kwamba majani yaliyochumwa hukaa kijani muda mrefu zaidi yakipewa kinetini. Tangu hapo maabara nyingi zimekuwa zikitafuta kemikali za aina hiyo.

Uchujaji hufanywa kwa hatua. Kwanza vipande vya majani huelea katika vyombo vidogo, kila chombo na kemikali yake, na kimoja kina maji matupu. Baada ya siku kadhaa gizani, umbijani hupimwa. Kemikali zilizofaulu hupelekwa kwenye miche iliyo kwenye vikopo. Mingine hunyweshwa na mingine hunyimwa maji. Kisha hujaribiwa vipimo tofauti vya dawa. Hatua ya mwisho ni shambani, ambako mavuno huwekwa kwenye mizani. Muuzaji mwenye picha za miche ya vikopo tu hajafika hatua hiyo.

Mtego wa pamba

Mfano unaowahusu zaidi wanunuzi wa ukanda huu ni thidiazuroni. Kemikali hii hufanya kazi kama sitokinini, na kwa kipimo kidogo imeonekana katika majaribio kuzuia majani ya maua ya alstroemeria yaliyokatwa yasigeuke njano. Lakini kwenye pamba, kemikali hiyo hiyo huongeza ethilini na kuangusha majani. Wakulima wa Marekani huinunua kwa kazi hiyo hasa, ili mashine za kuvunia zipite bila kuchafua nyuzi. Pamba ya Shinyanga huchumwa kwa mkono. Mkulima anayetaka majani yabaki, akiuziwa dawa iliyofaulu kwenye zao jingine, anaweza kuyapoteza yote.

Hata jani likibaki kijani, faida haijathibitika. Utafiti wa ngano uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kudhoofisha jeni zinazoharakisha uzee wa majani kulichelewesha uzee huo kwa zaidi ya wiki tatu, lakini protini, zinki na chuma katika punje vilipungua kwa zaidi ya asilimia 30. Mali ilibaki kwenye jani ambalo halina mnunuzi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme dawa na kibarua wa kupulizia vinagharimu Sh 25,000 kwa ekari, na pamba inanunuliwa kwa Sh 1,250 kilo. Ekari hiyo lazima itoe kilo 20 za ziada ili mkulima arudishe fedha yake tu, kabla ya kupata faida yoyote.

Mshindani yuko kwenye mbegu

Mwekezaji asisahau mshindani wa kemikali hizi. Mtama una mbari ambazo kwa asili huhifadhi majani ya kijani wakati wa ukame. Mbari B35, inayotumiwa sana na wazalishaji wa mbegu duniani, asili yake ni mtama wa wakulima wa Ethiopia. Mbegu yenye sifa hiyo hununuliwa mara moja kwa msimu, haihitaji bomba la kupulizia, na haina kipimo cha kukosea.

Kwa anayetaka kuendelea na biashara ya chupa, sheria ina njia mbili. Viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mbolea ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Chupa yenye homoni inayouzwa kwa jina la mbolea ya majani inastahili kuulizwa imesajiliwa wapi, na kwa matumizi gani.

Kabla ya kulipia katoni ya kwanza, mnunuzi adai majibu ya maswali matatu: imejaribiwa kwenye zao gani, kwa kipimo gani, na iliongeza kilo ngapi kwa ekari katika msimu wenye ukame. Muuzaji akijibu kwa rangi ya majani badala ya kilo, fedha ibaki mfukoni.