Bomba Kuu Lipasukapo

Maji yafikapo nyumbani kila siku, ni wachache wakumbukao njia yaliyopitia. Wakazi wa Calgary, nchini Kanada, walikumbushwa tarehe 5 Juni, 2024, lilipopasuka bomba kuu lililolazwa mwaka 1975, lenye kuweza kubeba hadi asilimia 60 ya maji safi ya mji huo.

Bomba hilo ni la zege lililokazwa kwa nyaya za chuma. Uchunguzi ulibainisha kuwa chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu ilipenya ardhini na kuzidhoofisha nyaya hizo kimyakimya, hata zikakatika. Lilitarajiwa kudumu miaka 100, halikufikisha 50.

Wakazi wa mtaa wa Bowness walitakiwa kuchemsha maji ya kunywa, na mji mzima ukaombwa kupunguza matumizi kwa asilimia 25: kuoga upesi, kufua kwa nadra, kuacha kumwagilia bustani. Hakuna askari awezaye kusimama katika kila bafu. Aliyefunga bomba lake upesi alimwachia maji jirani asiyemjua. Aliyeliacha wazi alimpunja.

Lakini subira ya wateja haizibi ufa. Tarehe 30 Desemba, 2025, bomba lilelile lilipasuka tena. Basi amana hii ni ya pande mbili: mteja ajiepushe na israfu, na aliyekabidhiwa bomba alikague na kulitengeneza mapema. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.