Kabla ya kununua bando la ghalani, hesabu simu za asubuhi

"ELFU hamsini na tano," anasema mkulima akiwa Mbozi. Sauti inakatika kidogo tu, na dalali wa Tandale anasikia "elfu hamsini". Wanakubaliana. Fuso linafika na magunia 100, na hapo ndipo unapoanza ugomvi wa Sh500,000 ambao hakuna kati yao aliyeutaka.

Huo ni mfano tu, lakini aliyewahi kukaa kwenye ghala la nafaka Tandale, au kupokea machungwa na mihogo ya Mkuranga pale Mbagala Rangi Tatu, hatashangaa. Biashara nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam sasa hupiga simu kwa njia ya intaneti, watu kadhaa wakitumia ruta moja. Sauti ikianza kukatika, mwenye biashara hukimbilia kununua bando kubwa zaidi, na mara nyingi tatizo hubaki palepale.

Bando ni maji yaliyomo kwenye simtanki, na kasi ni unene wa bomba. Ukiwa na simtanki la lita 5,000 na bomba jembamba, ndoo itajaa polepole vilevile.

Sauti yako inapopita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila kipande hubeba anwani yake. Sauti isiyobanwa huhitaji kilobiti 80 hivi kwa sekunde kwenda na nyingine 80 kurudi. Ikibanwa inaweza kushuka hadi 24, na programu nyingi za simu hubana. Mimi humshauri mfanyabiashara ahesabu kilobiti 100 kila upande kwa kila simu, ili asije akajipunja.

Neno "kila upande" ndilo linalosahauliwa. Matangazo ya intaneti husifu kasi ya kupakua, yaani ya kupokea vitu. Lakini unapozungumza unapakia, na kwenye huduma nyingi njia ya kupakia ni nyembamba zaidi. Ndiyo maana wewe unamsikia mteja vizuri huku yeye akilalamika kwamba hakusikii. Kasi ya kwenye tangazo ni lumbesa iliyogeuzwa: jina kubwa, kilichomo kidogo.

Sasa tufanye hesabu. Chukua ghala lenye watu wanane wenye simu. Saa yao yenye shughuli nyingi ni kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, magari yanaposhusha mzigo. Katika saa hiyo hupigwa simu 20 za dakika sita sita, jumla dakika 120. Kwa wastani ni simu mbili kwa wakati mmoja. Lakini simu hazipangi foleni, hufuatana kwa fujo. Mhandisi wa Denmark, A. K. Erlang, alitoa kanuni ya hesabu hii mwaka 1917, na kwa kanuni hiyo, ukitenga nafasi za simu tano, ni takriban simu nne tu katika kila 100 zitakazokosa nafasi. Simu tano ni kilobiti 500 za kupakia na 500 za kupakua. Zidisha mara mbili kwa ajili ya kazi nyingine za ofisi, unapata megabiti moja kila upande. Si kasi kubwa, ila lazima iwepo kweli saa ile.

Kwa upande wa bando, kila dakika itakula megabaiti 1.5. Ukizungumza dakika 300 kwa siku, siku 26 za kazi, ni karibu gigabaiti 12 kwa mwezi. Hizo ni za sauti pekee.

Anayeharibu hesabu hii mara nyingi yumo humo humo ndani: kijana anayerusha video ya mzigo mpya kwa wateja. Video inaweza kusubiri, sauti haiwezi. Kipande cha sauti kilichochelewa hutupwa, na huenda ndicho kilichobeba "na tano". Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kuipa sauti kipaumbele, kama mabasi ya mwendokasi yalivyopewa njia yao Barabara ya Morogoro. Mwombe fundi auwashe. Kama ruta yako haina, video zitumwe mchana.

Wenye umri watakumbuka simu za setilaiti, unauliza kisha unangoja. Setilaiti hizo ziko kilomita 36,000 juu, na hakuna bando linalofupisha safari hiyo. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, ucheleweshaji ulipungua sana. Hata hivyo, mnara wa simu unaohudumia soko zima bado hugawanya kasi yake kwa wote waliopo.

Kwa hiyo usipime kasi saa nne usiku ukiwa nyumbani Bunju au Chamazi. Pima ghalani, saa ileile ya mzigo, siku tatu tofauti, ikiwezekana moja iwe ya mvua. Andika kasi ya kupakia, kisha panga kwa kutumia ile ndogo kuliko zote.

Usitupe laini ya kawaida. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini na intaneti ikayumba nchini na kwa majirani. Umeme nao ukikatika, ruta huzima. Kwa maoni yangu, simu za ndani ya nchi bado zinafaa kupigwa kwa dakika za kawaida, intaneti ikaachiwa wateja wa Comoro, Oman na kwingineko.

Na bei mliyokubaliana kwa mdomo, iandike kwa ujumbe mfupi kabla fuso halijaondoka Mbozi.