Samaki Mkunje Angali Mbichi

Methali hii tumezoea kuisikia wazee wakizungumzia malezi. Leo nataka tuipeleke karakana. Kila kitu kinachotengenezwa, kiwe ndoo, dawati, mashua au daraja, kina ubichi wake, nao ni ule wakati kikiwa bado mchoro. Hapo kukikunja ni rahisi, wahitaji penseli na kifutio tu. Kikishakauka, yaani mbao zikishakatwa na chuma kikishachomelewa, kila badiliko lataka pesa.

Tuanze na mfano wa hapa hapa shuleni. Tuseme Chama cha Kiswahili chataka mbao 6 za kubandikia matangazo. Mchoraji wetu anaamua kila ubao uwe wa futi 5 kwa futi 3. Kwa nini? Basi tu, ameona wapendeza. Sasa, plaiwudi dukani huuzwa kwa shiti ya futi 8 kwa futi 4. Ukishakata ubao mmoja wa 5 kwa 3, kipande kikubwa kinachosalia ni cha futi 4 kwa 3, na ubao wa pili hautoki. Kwa hivyo mbao 6 zitakula shiti 6, na vipande vitarundikana pembeni mpaka viliwe na mchwa.

Hebu tubadilishe mchoro. Kila ubao uwe wa futi 4 kwa futi 4. Shiti moja yatoa mbao 2, wala hakuna kinachotupwa. Mbao 6 zahitaji shiti 3 peke yake. Si umeona? Pesa za plaiwudi zimepungua nusu, na juu ya hayo kila ubao umekuwa mkubwa zaidi: futi za mraba 16 badala ya 15. Fundi ni yule yule na msumeno ni ule ule. Zilizobadilika ni nambari mbili kwenye karatasi. Mtu angembembeleza mwenye duka kutwa nzima, asingepunguziwa bei kiasi hicho.

Viwandani hesabu hii huzidi kuwa kubwa. Ndoo ya plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma. Mchoraji akiongeza unene usio na kazi, hata wa gramu 1 tu kwa kila ndoo, basi ndoo milioni 1 zitameza kilo 1,000 za plastiki zaidi. Hiyo ni tani nzima! Na kosa likigunduliwa baada ya kalibu kuchongwa, kifutio hakisaidii tena.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya bila kwenda chuo. Fundi wa jahazi akitaka mataruma, zile mbavu za chombo, hutafuta mti uliopinda wenyewe. Hupoteza mbao kidogo, na taruma lake huwa na nguvu kwa kuwa nyuzi za mti zimefuata ule upinde. Fundi huyo huanza kukipanga chombo chake angali msituni.

Sasa tuteremke Liwatoni, tukaone mfano mkubwa. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, msongamano kwenye feri za Likoni ulitia watu hofu. Pakajengwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu upande wa Likoni. Lilifunguliwa kwa umma Januari 1, 2021, na gharama yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 1.9 hivi.

Fikiria karatasi ya mchoro ilipokuwa bado tupu. Mlango huu wa bahari ndio njia ya meli ziingiazo Kilindini. Daraja lisilofunguka lingelazimika kupanda juu kupita milingoti, na ili mtu afike huko juu, barabara ingeanza kupandia mbali sana, juu ya mitaa ya watu. Hapo pana nguzo ndefu, saruji, chuma na miaka ya kazi. Uamuzi mmoja, kwamba daraja lielee, ulifuta mzigo huo. Uamuzi wa pili, kwamba lisipitishe magari, ukapunguza uzito.

Lakini bahari nayo ina masharti yake. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Kinachoelea hupanda na kushuka nayo, kwa hivyo vipito vya nchani vilibidi viweze kucheza. Tena meli ikija, sehemu ya kati ilibidi ifunguliwe, na aliyekuwa akikimbilia kazini akasubiri.

Hapa ndipo pana funzo. Gharama nyingine hazifi, huhama. Zilizotolewa kwenye nguzo zilihamia kwenye kazi ya kufungua na kufunga, na kwenye muda wa mvukaji. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Haraka ilitakikana, na daraja la juu halijengwi kwa miezi. Nasema tu kwamba dakika za mama anayevuka na kapu lake la samaki haziandikwi kwenye bei ya ujenzi, na ni yeye azilipaye.

Kwa upande wa pili, tazama feri zenyewe. Zina mlango wa magari mbele na nyuma. Kuunda milango miwili ni ghali kuliko mmoja, lakini feri haina haja ya kugeuka kila ifikapo ng'ambo. Pesa za mwanzo zimenunua wepesi wa kila safari.

Basi wenzangu wa ufundi na wa sayansi, kabla ya kupiga mstari wa kwanza ulizeni mambo matatu. Vifaa vyauzwa kwa vipimo gani? Atakayekitengeneza ana zana gani? Na kikianza kutumika, nani atalipa kila siku? Mkisikia mtu asema, "Ah, tutarekebisha mbele," mkumbusheni samaki. Akishakauka, ukimkunja avunjika.