Mtihani wa kuzungumza Kiingereza: mitego inayowasubiri vijana wa mashariki mwa Congo

Dakika moja, karatasi, kalamu na mada ambayo hakuna aliyeijua mapema. Kwa kijana wa Bukavu, Goma au Bunia anayetafuta nafasi ya masomo Uingereza, Kanada au Australia, dakika hiyo ina uzito mkubwa. Ni ya sehemu ya kuzungumza katika mtihani wa IELTS, sehemu inayowaogopesha wengi.

Woga huo una sababu. Wengi wamesoma kwa Kifaransa, nyumbani na sokoni wanaongea Kiswahili, na Kiingereza wamekikuta katika masaa machache ya juma kwenye shule ya sekondari. Wanazijua kanuni za sarufi, lakini kinywa hakijazoea. Na kushindwa kuna bei: katika nchi nyingi ada ya mtihani inafika au kupita dola 200, bila kuhesabu nauli, na matokeo hukubaliwa kwa miaka 2 tu.

Mtihani unavyokwenda

Mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14, mbele ya mtahini mmoja, na sauti hurekodiwa. Kwanza huja maswali mepesi kuhusu familia, masomo, kazi au mji, kwa dakika 4 hadi 5. Kisha kijana hupewa kadi yenye mada, anajiandaa dakika 1 na kuongea peke yake kwa dakika 1 hadi 2. Mwisho, kwa dakika 4 hadi 5, mtahini anaipanua mada hiyo kwa maswali mazito zaidi.

Mambo 4 yanapimwa kwa uzito sawa: kuongea bila kukwama na kwa mpangilio, msamiati, sarufi na matamshi. Maoni ya mtu hayapewi alama, kwani hakuna jibu moja lililo sahihi. Lafudhi ya Kikongo nayo si kosa, mradi maneno yanasikika vizuri.

Kukariri hakusaidii

Wengi hutafuta majibu yaliyoandikwa tayari na kuyakariri usiku kucha. Hapo ndipo wanapojifunga. Watahini wamefunzwa kulitambua jibu la kukariri, na swali moja la ghafla linatosha kumwacha mtu bila neno. Jibu fupi la ndiyo au hapana nalo halisaidii, kwa sababu mtahini hana cha kupima. Njia nyepesi ni kujibu, kutoa sababu, kisha kuleta mfano.

Dakika ya maandalizi pia haifai kutumiwa kuandika sentensi nzima. Maneno 4 au 5 yanatosha. Kadi ikiomba kueleza mahali penye maji, mkaaji wa Bukavu anaweza kuandika: ziwa, jioni, wavuvi, sambaza, utoto. Kwa kila neno anasema sentensi mbili au tatu: mitumbwi inayoondoka jioni na taa zake, samaki wanaouzwa asubuhi, na siku alipofika pale na wazazi wake. Anayeongea juu ya anachokijua hakwami upesi.

Asiyesikia swali vizuri anaruhusiwa kuomba lirudiwe. Kukisia na kujibu jambo lingine ni hatari zaidi.

Pale Kifaransa na Kiswahili vinapodanganya

Makosa mengi ya vijana wa huku yana chanzo kinachojulikana. Kiswahili hakitofautishi mwanaume na mwanamke katika neno “yeye”, hivyo mtu huanza kumsimulia mama yake kwa “she” na kumaliza kwa “he”. Kuhusu umri, Kifaransa na Kiswahili vyote viwili husema mtu “ana” miaka, ndiyo maana wengi husema “I have twenty years” badala ya “I am twenty”. Kutoka Kifaransa huja “I am here since two years”, wakati Kiingereza kinataka “I have been here for two years”. Na “actually” maana yake ni “kwa kweli”, si “kwa sasa” kama “actuellement”.

Katika matamshi, “live” na “leave” husikika kama neno moja, herufi “h” humezwa kwa mazoea ya Kifaransa, na wengine huongeza vokali mwishoni mwa neno kwa mazoea ya Kiswahili.

Simu inatosha kuanza

Mazoezi hayadai intaneti wala umeme wa siku nzima. Marafiki wawili wanaweza kuandika mada 20 kwenye vipande vya karatasi, kuchagua kimoja bila kuangalia, kuhesabu dakika 1, kisha mmoja aongee dakika 2 huku simu ikirekodi. Wakisikiliza tena, waandike kosa moja au mawili ya kurekebisha kesho yake, si kumi. Anayekosea neno ajirekebishe na kuendelea. Kusimama na kuomba radhi kila mara kunavunja mazungumzo.

Kijana anayeamka na Mashi au Kinande, akasoma kwa Kifaransa na kununua sokoni kwa Kiswahili, amezoea tayari kuhama lugha mara nyingi kwa siku. Kiingereza nacho kinataka nafasi katika siku hiyo, hata nusu saa, muda mrefu kabla ya kulipa ada.