Je, wajua ritifaa moja huikata meseji vipande viwili?

Muuza mawese wa Simbo, Kigoma, anamwandikia mteja wake: "Mama, madumu matatu ya mawese yapo tayari. Ukitoka ng'ambo kesho pitia Simbo uyachukue." Ukihesabu na nafasi na nukta, ni herufi 87. Ikitoka kwenye kitochi, hiyo ni meseji moja. Ikitoka kwenye simu janja inayopinda alama za uandishi yenyewe, huondoka ikiwa mbili na huhesabiwa mbili. Kisa ni kale kamstari ka ng'ambo.

Meseji moja hubeba baiti 140, haizidi. Waliobuni mfumo wa simu wa GSM huko Ulaya waliweka orodha fupi ya herufi, kila moja ikila biti 7, ndiyo maana zinaenea 160. Herufi zote za Kiswahili zimo, na ritifaa iliyonyooka, namba 39 katika Unicode, mfumo unaozipa namba herufi za kompyuta, imo pia. Iliyopinda, namba 8217, haimo. Ikipenya moja tu, simu huiacha orodha ile na kuiandika meseji nzima upya kwa biti 16 kila herufi. Nafasi 160 zinabaki 70. Anayetayarisha tangazo kwenye kompyuta na kulituma kwa wanakijiji mia tano huenda akalipia meseji elfu moja, kwa sababu programu nyingi za kuandikia huipinda ritifaa bila kuuliza.

Ng'ambo kwenyewe ya Ziwa Tanganyika, Kalemie na Uvira, wanaochanganya Kifaransa hukutana na hayo hayo: é imo katika orodha, ê haimo. Na Kiha cha huku Kigoma ni lugha ya toni. Anayetaka kuonyesha toni ya juu ataipata é, á ataikosa.

Wapo wanaoamua kuiacha ritifaa kabisa, wakaandika "ngambo". Nawaelewa, ila siungani nao. Kung'oa ni kutoa na mizizi. Ngoa ni wivu. Ritifaa ya ng' ni sehemu ya herufi, kama h ilivyo sehemu ya sh, lakini kompyuta huiona alama ya kunukuu. Katika SQL, lugha ya hifadhidata, alama hiyo hufunga maneno, hivyo mtunga programu asiye makini huipiga marufuku badala ya kuishughulikia. Ndipo mtu mwenye jina linaloanza na Ng' anapoambiwa na fomu kwamba jina lake si sahihi. Jina alilopewa na babu yake! Hilo linaniuma kuliko gharama ya meseji.

Unicode inayo ritifaa nyingine, namba 700, iliyohesabiwa kuwa herufi kamili. Ukiandika ng'ombe kwa hiyo, kompyuta hulichukua kuwa neno moja. Ila kwenye kibodi za kawaida haina kitufe chake, na katika orodha ile ya herufi za meseji nayo haimo.